Kaa upande wa sikio zuri: shukrani ya vijana kwa wazee wa Vita vya Kagera

Wazee wetu mliolitumikia Taifa, shikamooni. Bibi zetu, wajane wa wapiganaji, shikamooni. Viongozi wa dini, viongozi wa kijiji na kata, ndugu zangu vijana, habari za asubuhi.

Tumepewa nafasi ya kutoa neno la shukrani kwa niaba ya vijana. Neno lenyewe ni fupi: asanteni. Tunalisema kwa moyo wote, na tungeweza kuishia hapo tukakaa. Lakini vijana wengi wana shukrani rohoni na hawajui waifanyie nini. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ikifika wanapiga picha na mzee aliyevaa nishani, wanaituma kwa marafiki, basi, hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo wazee mturuhusu, muda huu tuseme na vijana wenzetu mbele yenu, nanyi mtusahihishe tutakapokosea.

Tuanzie mbali kidogo, sokoni Kariakoo. Kila siku maelfu wanapita pale wakinunua na kuuza, na jina la soko limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako kuna Kariokor, jina ni lile lile. Watu wale walibeba unga, risasi na machela za majeruhi vichwani, pori kwa pori, na wengi wao waliuawa na malaria, kuhara damu na njaa kuliko risasi. Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake ya Kiswahili na Kiingereza yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni heshima kubwa. Lakini muulize mtu yeyote pale sokoni akutajie mpagazi mmoja tu kwa jina lake na la baba yake. Mwaka 2021 taasisi inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao baada ya vita ile, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Soko tunalo na sanamu tunayo. Majina hatuna, na hakuna tena wa kumuuliza.

Wapiganaji wa Kagera bado wapo wa kuulizwa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958, leo ameshavuka 65. Aliyekuwa na miaka 35 ameshavuka 80. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Maisha kama hayo Mungu humjalia mmoja katika wengi. Kazi hii ina muda wake, na muda wenyewe ndio huu.

Kwa vijana waliosoma vita hii darasani kwa haraka, tukumbushane. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda wakati ule, yalivuka mpaka na kushika eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia Taifa, na yale maneno matatu, sababu, nia na uwezo, kila mzee aliyekaa hapa anaweza kuwasomea kwa mpangilio wake. Siku iliyofuata majeshi ya Amin yakalilipua Daraja la Kyaka, la Mto Kagera. Wiki zilizofuata eneo likakombolewa. Januari 1979 majeshi yetu yalichukua Mutukula, mpakani upande wa Uganda. 24 Februari Masaka, kesho yake Mbarara. 10 na 11 Machi ikapiganwa Lukaya. 7 Aprili Entebbe. 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwao. Na 3 Juni wakafika mpaka wa Uganda na Sudan. Wengi waliitembea njia hiyo kwa miguu, na sehemu yake kwenye mvua za masika. Nakilini tarehe hizi nyuma ya daftari, mtazihitaji.

Kijana mwingine atasema mtaani kwao hakuna mzee wa vita. Ajue hili: vita ilipoanza jeshi halikuzidi watu 40,000, na ndani ya miezi michache likapita 150,000 kwa kuongeza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Sehemu kubwa ya hao walirudi nyumbani baadaye, wakashika jembe, wakavua samaki, wakafundisha shule. Hawakustaafu wakiwa askari, kwa hiyo wengi hawana kombati wala kitambulisho, na jirani hawajui. Mzee wa vita anaweza kuwa yule anayeuza ndizi karibu na stendi. Ulizia kwa mjumbe wa nyumba kumi wa zamani, ulizia msikitini na kanisani, na zaidi ya yote ulizia kwa bibi zako: nani alichukuliwa mwaka wa sabini na nane, na nani hakurudi.

Ukishampata, usiende na simu mkononi. Siku ya kwanza nenda kumsalimia tu. Shikamoo, kaa, ongea habari za mvua na migomba, sema wewe ni mtoto wa nani. Mwambie ungependa kuandika habari zake, kisha ondoka. Siku ya pili yeye mwenyewe atakuwa ameshaanza kukumbuka, na mara nyingi utakuta bahasha yake imetolewa sandukuni. Wanaofika na kamera siku hiyo hiyo hupewa hotuba ya sikukuu, maneno yale yale ambayo mzee amewaambia waandishi wa habari mara kumi.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nalo ndilo huharibu kazi mapema kuliko jingine lolote: masikio.

Mzee aliyekaa karibu na mizinga, au aliyefyatua bunduki miezi mingi bila kinga, aliumia ndani ya sikio, na uharibifu ule haurudi nyuma. Kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba. Irabu anazisikia vizuri, a, e, i, o, u, kwa kuwa ni nzito. Herufi kama s, t, f, k na sh zinamfikia kwa shida au hazimfikii. Ndiyo maana anakwambia, nakusikia lakini sikuelewi. Chukua maneno mawili, sita na tisa. Irabu zake ni zile zile, i kisha a, na konsonanti zake ni zile zile mbili zilizobadilishana nafasi. Kwa mzee mwenye sikio la vita maneno hayo ni neno moja. Ukimuuliza kama walikuwa sita kwenye handaki, akakubali, umeandika nini? Kila namba ya muhimu mwonyeshe kwa vidole au iandike kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, aithibitishe kwa macho.

Kupiga kelele hakusaidii. Ukipaza sauti unaongeza irabu, konsonanti zinabaki pale pale, na sura yako inaonekana ya mtu mwenye hasira. Shusha sauti iwe nzito, punguza mwendo, maliza kila neno. Zima redio. Asiongee zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kaa mahali mwanga wa mlango au dirisha unapokuangukia usoni, usiupe mgongo, kwa sababu mzee anasoma midomo yako hata kama mwenyewe hajui kwamba anaisoma.

Halafu chagua upande. Aliyelenga shabaha kwa bega la kulia, kichwa kilikuwa kimeinama kwenye kitako cha bunduki, sikio la kushoto likaelekea mdomo wa bunduki na la kulia likakingwa na kichwa chenyewe. Kwa hiyo mara nyingi la kushoto ndilo lililoumia zaidi. Aliyekuwa mpigaji wa kushoto, kinyume chake. Msikubali kukisia: muulizeni mzee ni sikio gani analoweka kwenye simu, kisha kaeni upande huo. Jambo dogo, lakini mzee aliyekuwa anajibu kwa mkato ataongea saa nzima. Ndugu zake walidhani amekuwa mkali au amechoka kuongea na watu, kumbe hakuwa anasikia, na alikuwa anaona aibu kusema.

Kabla ya kusema sikio limekufa, mpelekeni kituo cha afya aangaliwe nta. Nta iliyojaa inaziba kama pamba, na kuitoa ni kazi ya dakika chache kwa mhudumu mwenye vifaa. Msimtie mafuta wala kijiti chenye pamba. Kijiti huisukuma ndani zaidi. Na familia ikichangishana kununua kifaa cha kusikia, iulize bei ya betri siku hiyo hiyo. Betri ndogo za vifaa vingi hudumu wiki moja au mbili. Kifaa kilichonunuliwa bila hesabu ya betri huishia kabatini, na mzee hurudi kwenye ukimya wake.

Tuje kwenye kurekodi. Simu ya kawaida inatosha. Iweke katika hali ya ndegeni ili isiite katikati ya habari ya Lukaya. Hakikisha nafasi ipo: saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida inakula karibu megabaiti 60, na ukirekodi bila kubana sauti, kwa chaneli moja, ni kama megabaiti 320. Tandika khanga iliyokunjwa mara nne mezani, uiweke simu juu yake, kipaza sauti kikimwelekea mzee, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kifuani pake. Khanga inazuia mtikisiko: bila hiyo, kila kikombe kitakachowekwa mezani kitasikika kama mlango unaobamizwa. Nyumba ya bati mvua ikinyesha, ahirisha. Uani kukiwa na upepo, ingia ndani. Rekodi dakika moja, isikilize na mzee, ndipo uanze. Wapo waliorekodi saa mbili kidole kikiwa kimeziba kipaza sauti, na mzee hakupatikana tena mara ya pili.

Maneno ya kwanza kwenye kanda yawe ya utambulisho: leo ni tarehe fulani, tuko kijiji fulani, ninaongea na fulani bin fulani. Hapo hapo mwombe ataje mwenyewe majina yake matatu, mwaka na mahali alipozaliwa, namba yake ya jeshi kama alikuwa nayo, kikosi, kombania na platuni. Askari wa JWTZ hasahau namba yake. Anaweza kusahau namba ya simu aliyopewa jana, lakini ile inayoanza na MT ataitaja kama yuko kwenye kwata. Iandike kwa tarakimu, mwonyeshe. Namba ile ndiyo itakayomtofautisha na mwingine mwenye jina kama lake miaka hamsini ijayo.

Msianze na mapigano. Anzeni kijijini: alisikiaje habari za uvamizi, nani alimwandikisha, mama yake alisema nini siku ya kuondoka, alisafiri kwa treni, kwa basi lililochukuliwa na serikali au kwa meli ya ziwani. Ukurutani alifundishwa wiki ngapi. Alivaa buti za namba yake au zilimbana. Alikula nini, alilala wapi mvua iliponyesha, nani alikuwa jirani yake kwenye handaki. Maswali ya vitu hufungua kumbukumbu kuliko maswali ya hisia. Ukimuuliza mzee alijisikiaje, atakujibu, tulijisikia vizuri, tulikuwa tunatetea nchi. Muulize alibeba nini mgongoni. Atahesabu kwa vidole: magazini za risasi thelathini thelathini, kibuyu cha maji, blanketi, sepeto, na sehemu ya mzigo wa mwenzake aliyeumwa. Huyo mwenzake ataletwa na hesabu hiyo, kwa jina na kabila na utani wake, bila wewe kuuliza.

Liko swali moja msiulize kabisa, nalo ni aliua wangapi. Si adabu, halijengi chochote, na linaweza kumrudisha mtu mahali alipochukua miaka kutoka. Akitaka kusema atasema kwa wakati wake, na wewe utanyamaza. Ukimya kwenye kanda haupotezi kitu. Hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuuliza swali jingine, maana kitu kizito mara nyingi hutoka baada ya kimya, na vijana tuna ugonjwa wa kuogopa kimya.

Kuhusu tarehe, wazee hukumbuka kwa vuli na masika, kwa Krismasi iliyokuta watu mahandakini, kwa mfungo. Mzee akisema waliingia Kampala mwezi wa pili, usimkatize kumkosoa. Uliza walitoka wapi na mvua ilikuwaje. Yawezekana anasema Masaka. Wewe unazo tarehe zako nyuma ya daftari, weka alama pembeni, usawazishe baadaye. Na kila mara, kwa upole, uliza: hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa? Yote mawili yaandikwe, ila yaandikwe mbalimbali.

Lukaya itawatatiza zaidi, tuiseme kidogo. Pale barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kukutana na moto mkubwa, ilikuwa kwenye njia hiyo pale makombora na vifaru vya majeshi ya Amin na ya Walibya waliokuja kumsaidia vilipowaangukia. Wengi walirudi nyuma, wakaingia kinamasini. Brigedi ya 208, nayo yetu, ilikuwa mahali pengine. Ikazunguka usiku kucha, na alfajiri ya tarehe 11 ikapiga kutoka ubavuni na nyuma, ndipo adui akavunjika. Kwa hiyo kuna mzee atakayekwambia, Lukaya tulikimbia tukalala majini, na mwingine atakayekwambia, Lukaya tuliwasambaratisha. Msimfanye wa kwanza mwoga wala wa pili mwenye majivuno. Wote wawili wanasema walichokiona, kila mmoja kutoka mahali alipokuwa, na ndiyo maana tunauliza kikosi na kombania mapema. Wale mgambo wa 201 walikusanywa upya, wakarudi kwenye barabara ile ile. Sisi tunaona ujasiri wa kurudi mahali ulipokimbia jana unastahili shukrani yake ya peke yake, na hauimbwi vya kutosha.

Kikao kisizidi dakika 45 hadi saa moja. Mikono ikianza kutetemeka, sauti ikikatika, au mzee akianza kuangalia mlangoni, zima simu, mwambie asante tumefanya kazi kubwa leo. Usiondoke papo hapo. Kunyweni chai, ongeeni habari za wajukuu, mrudishe kwanza nyumbani kwake leo hii. Mwambie na mkewe au mwanawe kwamba mmegusa mambo ya vita, kwa sababu usiku huo anaweza asilale au akapiga kelele usingizini, na si vizuri familia ishtuke bila kujua sababu. Ndoto zikiendelea, hospitali zina wahudumu wa afya ya akili; si wazimu wala majini, ni jeraha la kazi aliyotumwa na nchi.

Ruhusa iandikwe. Karatasi moja, nakala mbili, yake na yenu: jina, tarehe, na mzee achague kanda isikilizwe na nani, familia tu, au na shule za hapa, au iwekwe mtandaoni. Asiyeandika atie dole gumba. Akibadili mawazo mwakani, heshimuni. Mambo ya kambi za sasa, silaha za sasa na watu walioko kazini msiyaulize, na msipige picha maeneo ya jeshi. Mzee alikula kiapo, msimweke mahali pagumu.

Sasa ile bahasha. Humo mna picha za rangi nyeupe na nyeusi, cheti, barua, pengine nishani kwenye kitambaa. Mtu wa kwanza anayetaka kusaidia husema tuzipeleke steshenari zikafanyiwe lamination. Tafadhali msifanye hivyo kwa karatasi halisi. Joto la mashine hufifisha wino na picha, plastiki haitoki tena, na unyevu ulioingia hubaki humo ukizalisha ukungu. Selotepu nayo hubadilika kuwa njano baada ya miaka michache na kula karatasi. Picha iliyogandana na kioo cha fremu msiibandue; pigeni picha juu ya kioo hicho hicho, mkikaa pembeni ili mwanga usirudi. Karatasi zipigwe picha mbele na nyuma, kivulini karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba nazo, na rula pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Majina ya watu kwenye picha yaandikwe nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Kalamu ya wino huchomoza upande wa pili, ikapita usoni kwa mtu aliyekufa Mutukula, na picha yake nyingine haipo.

Mkihifadhi, tumieni bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku lililoinuliwa sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta, kwa sababu mchwa na unyevu hupanda kutoka huko. Chini ya godoro hapana. Nishani msiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arishia shaba, maandishi yake yatafutika. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, na utepe usifuliwe, rangi zinachuja. Faili za simu zipeni jina linaloanza na tarehe, kisha jina la mzee na kijiji. Nakala ziwe tatu: kwenye simu, kwenye kadi au diski, na moja nyumba nyingine kabisa. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, zitumwe kama faili, siyo kama picha, maana zikitumwa kama picha hubanwa, na sura za wale vijana wa platuni huwa ukungu mtupu.

Kuna na shukrani ya miguu, ya kumsindikiza mzee ofisini na hospitalini. Sera ya wazee ya Taifa inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo akiwa na kitambulisho cha mzee kinachopatikana kupitia halmashauri. Anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Wale wanaolipwa pensheni na Hazina huitwa kwenye uhakiki mara kwa mara, na asiyehakikiwa malipo yake yanaweza kusimama. Kinachokwamisha wengi ni majina: jeshini aliandikwa Josefu, kitambulisho cha Taifa kinasema Yusufu, benki imeandika herufi moja pungufu. Linganisheni karatasi zote nyumbani kabla ya siku yenyewe, na zikigongana mzee aandaliwe hati ya kiapo inayosema majina yote ni yake. Bebeni karatasi halisi na nakala tatu tatu, maji, na kofia. Na akipigiwa simu na mtu anayesema mafao ya vita yametoka ila atume kwanza pesa ya usajili, au ataje namba ya siri, huyo ni mwizi. Mzee ana haki ya kuwa na kijana mmoja aliyempa namba, wa kumuuliza kabla ya kutuma hata shilingi.

Bibi zetu wajane, nanyi tunakuja kwenu kwa daftari lile lile. Mliobaki na watoto bila kujua kama baba yao yuko hai mlikuwa vitani kwa namna yenu. Tunataka kuandika barua ilifika lini, nani aliileta, na shamba la mwaka ule lililimwa na nani. Waliolala Kaboya kule Muleba, na waliolala Naliendele kule Mtwara walioifia Msumbiji katika vita vya ukombozi wake, kila mwaka huwekewa mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mshale kwenye minara ya kumbukumbu. Jina kaburini lipo. Alikuwa anapenda chakula gani, alikuwa anachekaje, hilo mnalo nyinyi peke yenu.

Ndugu vijana, madaftari yako meza ya mbele, kila moja na penseli yake, na ukurasa wa mwisho tumeuacha wazi kwa tarehe. Chukueni mkijigawa wawili wawili kwa kila mzee, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Kazi ya leo ni salamu tu.

Nanyi wazee wetu, tunawaomba kitu kimoja kabla hatujaanza. Kijana atakapokuja kukaa karibu nawe, gusa sikio lako unalosikilizia simu, ajue akae wapi.

Asanteni.